Mara Moja, Ndiyo

Jua lilikuwa limeshaegemea mapaa ya nyumba za jirani pale Bwana Amri alipokumbuka kisanduku cha mama yake.

Bwana Amri halikuwa jina lake. Wenzake kazini ndio waliombandika, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuamrisha mashine zilizo mbali: pampu za maji, taa za ghala, chochote chenye waya na intaneti. "Huyu akikosa mke ataandika amri," walisema. Yeye alicheka tu.

Kisanduku alikifunga mwenyewe nyuma ya televisheni ya mama, mwaka ule kiharusi kilipomlaza na kumnyang'anya sauti. Ndani yake alijaza filamu na nyimbo alizozipenda mama, na programu ya kuzicheza iliyokubali kupokea amri kutoka popote. Akiwa kazini, upande wa pili wa mji, Bwana Amri aliandika cheza, kikacheza. Aliandika simama, kikasimama. Kila mara kisanduku kilimrudishia neno moja: sawa. Aliweza hata kutuma maandishi yakatokea juu ya picha. Mama, umekula?

Na mama alijibu. Mkono wake wa kushoto ulibaki na uhai kidogo, wakaulaza juu ya rimoti, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha picha. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Kila alipobonyeza, mwanawe aliona papo hapo kwenye kompyuta yake. Ndivyo walivyoongea kila jioni, mtu na mama yake, hadi kifo kilipowatenganisha.

Sasa mama alikuwa kaburini wiki kadhaa, na nyumbani amebaki mama mdogo, mdogo wake marehemu, aliyemuuguza mpaka mwisho. Jioni hiyo Bwana Amri alitaka kupitia akichukue kisanduku. Kabla ya kuondoka kazini akafungua programu yake, akizime kistaarabu.

Kisanduku kilikuwa kinacheza.

Hakushtuka. Mama mdogo naye ana macho, acha ajiburudishe. Akaandika: Mama mdogo, nakuja. Upo?

Picha ikasimama. Mara moja.

Akaandika cheza, picha ikaendelea. Kisha: Nikuletee mkate?

Ikasimama, ikaendelea. Mara mbili.

"Kumbe na huyu kajifunza," alijisemea, akachukua koti lake.

Alimkuta mama mdogo mlangoni, mfuko wa viazi miguuni, akihangaika na kufuli.

"Unatoka wapi, mama mdogo?"

"Sokoni, tangu mchana. Kwani siku hizi watu hawasalimiani?"

"Nani yuko ndani?"

"Awe nani, na ufunguo ninao mimi?"

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo lingemjia mapema kama si uchovu wa siku nzima. Mama mdogo hakujua kusoma. Hata jina lake mwenyewe hakulijua likiandikwa.

Kufuli likakubali. Mlango ukafunguka...

Harufu ndiyo iliyowapokea. Dawa ya kuchua, ileile aliyopakwa mama kila jioni. Na chini yake harufu nyingine, nzito, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Sebule ilikuwa giza. Televisheni ilikuwa imefunikwa shuka jeupe, tangu siku ya mazishi. Nyuma ya shuka, mwanga wa buluu ulikuwa ukicheza.

"Ulikiacha kinawaka?" Bwana Amri alinong'ona.

"Mimi sikigusi hicho."

"Rimoti iko wapi?"

Mama mdogo akaonyesha juu ya kabati. Rimoti ilikuwa pale, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, vumbi limeutanda.

"Niliipandisha huko mama yako alipoishiwa nguvu za vidole."

"Lini?"

"Miezi miwili kabla hajatutoka. Mkono ulishakufa, mwanangu. Ukiuinua unaanguka kama kitambaa."

Bwana Amri akaupapasa mfuko, fundo lilikuwa bado limekaza.

"Haiwezekani. Alikuwa akinijibu. Mpaka jioni ya mwisho alikuwa akinijibu."

"Nilikuwa nikiona maandishi yako yakija, picha ikisimama na kuendelea. Nilidhani ni wewe unayefanya hivyo, kwa mitambo yako."



Bwana Amri akayakumbuka maswali yake, moja baada ya jingine. Unaumwa, mama? Mara mbili. Nije leo? Mara mbili. Basi nije kesho? Mara mbili. Naye alifurahi, akaendelea na kazi zake. Mama mdogo alipompigia simu kumwambia njoo umwone mama yako, alimjibu kwamba ametoka kuongea naye sasa hivi, hajambo.

"Mimi nilijua unaukimbia ugonjwa," mama mdogo alisema taratibu. "Kila jioni mama yako alikuwa akiutazama mlango. Machozi yanamtoka, nayafuta. Nilikulaani moyoni, mwanangu. Mungu anisamehe."

Bwana Amri alilivuta shuka. Kwenye kioo, wanawake walikuwa wakitembea barabarani katika filamu ya zamani, bila sauti. Akatoa simu, programu yake ilikuwamo humo pia.

Wewe ni mama yangu?

Maandishi yakatokea juu ya vichwa vya wale wanawake. Kisha picha ikasimama. Ikaendelea.

Mara mbili.

"Kinasema nini?" mama mdogo aliuliza.

Aliandika tena.

Mama yuko hapo?

Picha ikasimama. Ikabaki imesimama.

Anaumwa?

Ikaendelea, ikasimama. Mara mbili.

Harufu ya udongo ikazidi. Mama mdogo akamshika mkono.

"Usiendelee. Watu wa kale hawakumwacha mgonjwa bubu peke yake wakati wa magharibi. Walisema kuna kinachokuja kumsemea. Hicho kilikudanganya hata mama yako akiwa hai, kitashindwaje kukudanganya sasa? Chomoa."

Bwana Amri akapapasa ukutani, akaushika waya.

Picha ikaanza kusimama na kuendelea. Kusimama na kuendelea. Haraka, haraka zaidi, si mara moja wala mara mbili, haihesabiki tena... kama mtu anayegonga mlango uliofungwa kwa nje.

Akachomoa.

Giza.

Hawakulala nyumba ile. Bwana Amri alimchukua mama mdogo akaishi naye, na kisanduku alikiponda kwa nyundo, vipande akavitupa jalalani bila kugeuka nyuma. Programu yake akaifuta. Watu wakamwona amekonda, wakasema ni msiba.

Asubuhi moja mama mdogo alikuwa akichambua mchele mezani, naye anakunywa chai. Walikuwa hawajawahi kulitaja jambo lile.

"Siku ile ulikiuliza nini?"

"Kama ni mama. Kikakataa. Mwisho nikakiuliza kama mama anaumwa. Kikasema hapana."

Mkono wa mama mdogo ukasimama juu ya ungo.

"Mimi na mama yako tulilala kitanda kimoja mpaka akaolewa," alisema. "Alivunjika mguu, akasema hauumi. Akafiwa na baba yako, akasema hajambo. Ukitaka kuja kumsaidia, atakwambia usije, una kazi zako. Maisha yake yote sikumsikia akikubali kwamba anaumwa. Angejikana hata mwenyewe, mradi usihangaike."

"Lakini mkono ulikuwa umekufa. Ulisema mwenyewe."

"Mkono, ndiyo."

Chai ilikuwa ikipoa mbele yake. Mama mdogo akaokota jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka kando.

"Kilisema si yeye, mama mdogo. Nilikiuliza waziwazi."

"Ndivyo alivyosema," mama mdogo alijibu, wala hakuinua macho.