Barafu ya Optatus

Siku ile mjinga alikuwa Swalehe, na mwenyewe hakatai. Usukani aliujua. Watu hakuwajua.

Ijumaa, saa nne asubuhi. Chumba cha uani, Masasi. Gervas, aliyeshika ukubwa wa kundi lao la wizi tangu Optatus aumie, alichora duka la dawa sakafuni kwa mkaa. Duka la mtu binafsi, la zama hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake. Siku hizi hata dawa za Ulaya zinapanda mpaka huku.

"Peptidi," alisema Anastasia, mke wa Optatus. "Vipande vidogo vya protini. Daktari kasema huenda vikausaidia ubongo ujifunze upya kuendesha mkono na mguu, mazoezi yasipoachwa. Hakuapa. Ila zisipate joto."

Mumewe alikuwa kitandani Newala. Kazi iliyopita, ghala la korosho, alipigwa rungu la kisogo. Upande wa kulia ukafa. Ulimi nao mzito: huanza neno, akaliacha njiani. Kila asubuhi Anastasia alimfundisha kutamka, kama mtoto. Kundi lilijua moja tu: mlinzi ndiye aliyempiga.

"Atasimama, shemeji," Gervas alisema.

"Akisimama atatusimulia."

Gervas akaufuta mchoro kwa kiatu. Taratibu.

Saa saba. Anastasia ameshatangulia na basi. Mji uko msikitini. Swalehe aliikosa Ijumaa, akaomba toba huku injini ikinguruma. Gervas aliingia na gobole ndani ya koti, akatoka na boksi la barafu. Nyuma yake muuzaji, kitambaa mdomoni, alikuwa akipiga kaunta mateke.

"Kanyaga!"

Saa tisa. Chini ya mlima wa Newala.

"Simama," Gervas alisema. "Mkweo huko juu maji ananunua kwa ndoo, nawe unampita na barafu?"

"Na dawa je?"

"Zimeshapoa hizo. Au unakwenda ukweni mikono mitupu, bwana harusi?"

Swalehe akacheka. Alijiona mkwe wa kwanza Newala nzima kupeleka barafu. Akaikomba yote, akaitia kwenye ndoo, akafunika na gunia. Boksi likabaki juani, nyuma ya pikapu. Njia nzima Gervas alipiga mluzi.

Saa kumi na moja. Newala, kando ya kitanda cha Optatus. Anastasia alitia mkono ndani ya boksi, akautoa haraka. Vichupa vilikuwa vya moto kama chai.

"Nani katoa barafu?"

"Muulize Swalehe. Anampelekea mkwewe."

"Si wewe uliyeniambia, kaka!"

"Mimi? Niliyebeba gobole kwa ajili ya ndugu yangu? Mimi nimtakie Optatus mabaya, kwa lipi?"

Ndoo mkononi mwa Swalehe ilikuwa ikivuja.

Kitandani, mkono wa kushoto uliinuka. Maneno yakatoka moja moja, kama magunia yanayoshushwa garini.

"Mlinzi... alikuwa mbele yangu. Rungu... lilitoka nyuma. Nyuma ulikuwa wewe, Gervas."