Mafuta Kwenye Metronomu

Yaani na hii mnaitaka tukiwa tunakula? Haya, ila atakayetapika afagie mwenyewe. Kila nikiisimulia harufu yake inanirudia puani, na ugali wote unakuwa wa kulazimisha.

Pale Bariadi palikuwa na kwaya ya kanisa iliyoimba kama ng'ombe waliofunguliwa zizi: wa mbele anakimbia, wa nyuma anakanyagwa. Mwalimu wao, Bujiku, alikuwa na sauti tamu, hilo tusimnyime, lakini masikio alipewa ya kuning'inizia tu. Ndipo akaja Harieth, nesi aliyehamishwa kutoka Bukoba, fundi wa kinanda. Alikuja na metronomu, kisanduku cha mbao chenye mkono wa chuma unaokwenda huku na huku, ta, ta, ta, kuwapimia waimbaji mapigo.

"Tuanze polepole," akawaambia. "Anayekimbia anaficha asichokijua."

Walinuna. Lakini kile kisanduku hakina shemeji wala mjomba: ukiharakisha kinakuumbua, ukisinzia kinakuacha. Wakaenda mwendo wa kobe, wakishika vizuri wanaongeza kidogo, wakikosea wanarudi. Anyes, aliyekuwa akimeza nusu ya kila wimbo, akaanza kusikika mpaka nje ya geti. Kabla pamba haijavunwa, kwaya ikawa koo moja, na watu wakaanza kuiita kwaya ya Harieth. Bujiku akachacha kama maziwa.

Huyo bwana alikulia Migato, akipiga ngoma za mashindano, ambako kundi linapaka dawa kwenye ngoma zake ili mapigo ya wapinzani yavurugike. Akarudi kwa Ngeleja, mganga wake wa zamani, akaomba mafuta ya kumfunga mshindani. Atayapaka wapi, hakusema. Siku ya mazoezi akawahi ukumbini, akaipaka metronomu.

Alasiri Harieth alipofungua kisanduku, kikanuka ngozi mbichi iliyolowa mvua. Akadhani panya kafia humo. Hajagusa ufunguo wa kukiwasha, mkono ukaanza kwenda. Haikuwa ta, ta. Ilikuwa sauti ya majimaji, kama mtu anayetafuna mdomo wazi.

"Zima, mayu," Anyes akanong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Sijakiwasha."

"Basi kishike!"

Akaushika ule mkono wa metronomu. Chuma kilikuwa cha vuguvugu, kinateleza, kimeota vinyweleo vilivyolowa kama vya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na ulipopunguza mwendo mkononi mwake moyo wake nao ukapunguza, ukangoja, ukagonga, ukangoja tena, mpaka akaketi sakafuni bila kutaka, midomo imegeuka rangi ya majivu, huku ute wa njano ukichuruzika kutoka kisandukuni na ndani ya ute funza wakipanda na kushuka kwa kufuata yale yale mapigo, na kila pigo likichelewa kuliko lililopita.

"Kikisimama," akasema kwa shida, "nami nasimama."

Waimbaji wakatoka mbio. Bujiku naye alikuwa mlangoni, Anyes akamdaka mkono, akaunusa.

"Vidole vyako vinanuka hivi hivi, baba. Umefanya nini?"

"Nyamaza! Watu watasikia."

"Wasikie! Mwenzako anakufa!"

Bujiku akasema yote. Pikipiki ikatumwa Migato, na Ngeleja akashushwa ukumbini jua likiwa linaelekea kuzama. Alipoona kilichopakwa, akaziba pua, yeye aliyeyapika yale mafuta.

"Ng'ombe wewe! Ngoma mpigaji akichoka inanyamaza, na jini la mafuta linalala. Hiki chombo hakina mpigaji wa kuchoka. Umelipatia jini mdomo usiofungwa, sasa linamla huyu mama."

"Nitafuta kwa kitambaa, nitafuta!"

"Kitambaa hakikupaka. Aliyepaka ndiye anayelamba. Yote."

Bujiku akalia, akataja watakatifu aliowakumbuka. Anyes akamkandamiza kisogo. Akalamba. Alilamba ute, vinyweleo vikimshika kwenye meno, funza wakimpasukia ulimini, akicheua na kumeza alichocheua kwa sababu Ngeleja alimwambia kikidondoka chini anaanza upya. Na kila alipofuta sehemu kwa ulimi, Harieth alivuta pumzi moja zaidi, mpaka mbao ikawa kavu na chuma kikawa baridi, na yule mama akainuka mwenyewe akiomba maji.

Kisanduku kilichomwa. Wiki iliyofuata Harieth aliweka mapigo kwenye simu, wakaendelea polepole vilevile, maana dawa ya mdundo mbovu ni mazoezi, hakuna nyingine.

Lakini jini halikufa, lilihama tu. Bujiku alilipa kwa ile sauti yake tamu. Akifungua kinywa aimbe, hautoki wimbo, inatoka ile harufu na nzi wawili watatu. Mkewe anampa chakula akiwa amemgeuzia mgongo, na kanisani hata benchi la nyuma wamemkataza.