Alama za Vidole Chini ya Rangi

Boti ya mbao iliyokaa nchi kavu miaka thelathini na mitatu hukauka mpaka mbao zikaachana, ukaweza kupitisha kidole katikati yake. Torhild alilijua hilo tangu utotoni, maana baba yake alikuwa fundi wa boti. Ndiyo sababu alishtuka siku ile ya Machi alipoingia kwenye banda la Mzee Ingvald, akainama chini ya boti iliyoachwa humo na kupapasa ubavu wake. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Mbao zilikuwa zimevimba na kubanana, kama za boti iliyotolewa majini jana. Akanusa kiganja chake. Kilinuka mwani mbichi.

"Unaitaka au huitaki?" Mzee Ingvald aliuliza. Alikuwa amesimama nje kwenye theluji, hakuvuka kizingiti.

"Bei gani?"

"Bei ya nini? Ichukue. Ichukue leo."

"Leo? Mzee, hata pa kuiweka sijapasafisha."

"Mimi nitaivuta kwa trekta. Wewe fungua mlango wa banda lako tu."

Mtu mwingine angejiuliza haraka hiyo ya nini. Torhild hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Kiwanda cha samaki alichofanyia kazi miaka ishirini kilikuwa kimefungwa kabla ya Krismasi. Mumewe Eilif, fundi mitambo wa meli, alikuwa amerudishwa nyumbani na mapafu mabovu, hata kupanda ngazi kulimtoa jasho. Kibali cha kuvua kwa mshipi walikuwa nacho. Walichokosa ni boti, na pesa ya boti mpya hawakuwa nayo wala hawakutazamia kuipata. Wakipata kitu cha kuelea kabla ya majira ya joto, watabaki kijijini kwao Skarvika. Wakikosa, watauza nyumba na kwenda kupanga chumba mjini.

Basi kazi ikaanza, kazi ya watu wasio na kitu. Torhild aling'oa misumari ya shaba iliyopinda, akainyoosha mmoja mmoja kwenye jiwe ili aitumie tena. Rangi nyeupe alipewa na mlinzi wa kanisa, mabaki ya kupaka ukuta. Eilif alikaa kwenye kiti kando ya jiko la kuni, injini ya silinda moja ikiwa mbele yake vipande vipande, akikata gasketi za kuzibia maungio kutoka kwenye boksi la maziwa.

"Mke wangu," alimtania, "kama umeipenda boti kunizidi, sema mapema nihamie mimi bandani."

"Bandani kuna baridi, utakohoa usiku kucha. Kata gasketi yako huko."

Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka wakati huo.

Jambo lililofuata lilikuwa maji. Kila asubuhi Torhild alikuta maji ndani ya boti, chini ya mbao za kukanyagia, kiasi cha ndoo moja. Akayachota, akayamwaga nje. Kesho yake yakawemo tena. Akafikiri paa linavuja, akapanda kulikagua. Halikuwa na tundu. Alipochovya kidole na kukilamba, yalikuwa ya chumvi. Na banda lile liko hatua themanini kutoka baharini, juu ya mwamba.

Hakumwambia Eilif. Mgonjwa ana yake ya kumtosha.

Mwishoni mwa Aprili alikuwa amepiga magoti ndani ya boti, mchana kweupe, jua limeingia hadi katikati ya banda, akikaza boliti za kitako cha injini. Akasikia mguso kwenye ubavu, upande wa nje. Akadhani ni paka. Kisha mguso ule ukaanza kutembea, ukatoka nyuma kwenye tezi ukaja polepole kuelekea mbele kwenye omo, ukipapasa mbao moja baada ya nyingine kwa ncha za kitu kigumu, ukisimama, ukirudi nyuma kidogo, ukiendelea tena, kama mtu aliye gizani anayetafuta pa kushika, na Torhild akabaki amepiga magoti vilevile na spana mkononi, akihesabu pumzi zake mwenyewe, mpaka mpapaso ulipofika mkabala na bega lake, upande wa pili wa ubao usiozidi unene wa kidole gumba, na hapo ukatulia.

"Eilif?" aliita kwa sauti ndogo. "Kama ni wewe, acha mchezo."

Ubao ukagongwa mara tatu. Taratibu.

Alipopata nguvu ya kuchungulia, nje hapakuwa na mtu. Sakafu ya banda ilikuwa imelowa kuuzunguka ubavu, na kupitia dirishani alimwona Eilif kule nyumbani, amesinzia kwenye kiti chake.

Siku tatu hakuingia bandani. Siku ya nne aliingia, kwa sababu ilibaki kukwangua rangi ya ukingo wa juu, na boti isiyopakwa rangi haiendi majini. Alikwangua tabaka la kijani, chini yake jeupe, chini yake la kijivu. Nyuma upande wa kushoto kikwangulio kikazama. Hapo palikuwa pamezibwa kwa lami ngumu, pakalainishwa kwa msasa kwa uangalifu mkubwa. Akaichokoa ile lami. Ikatoka kwa vipande virefu vyembamba, na nyuma yake ikaacha mifereji minne iliyochimbwa kwenye mti, sambamba, kila mmoja na upana wa kidole.

Akajaribu kuweka mkono wake juu yake kutoka ndani ya boti. Haukukaa. Akashuka, akasimama nje, akanyoosha mkono juu kama mtu aliye majini anayening'inia kwenye ukingo. Vidole vinne vikaingia sawasawa.

Kwenye mfereji wa tatu kulikuwa na kipande cha ukucha.

Jioni ile alimweleza Eilif yote. Eilif alisikiliza bila kutania.

"Arvid," alisema hatimaye. "Mdogo wake Ingvald. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Walikwenda kuvua wawili, akarudi mmoja. Ingvald alisema mshipi ulimkamata mguu, akaanguka, akazama kama jiwe."

"Jiwe halina kucha, Eilif."

Wakatazamana. Nje jua lilikuwa bado liko juu ya milima, na ghuba imetulia. Hawakuwa na boti nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Torhild alipaka ile rangi ya kanisa, na juma la kwanza la Juni wakaishusha boti majini.

Injini iliitika mara ya tatu, ikaanza kudunda vizuri, tonk, tonk, tonk, na Eilif akapiga makofi kama mtoto. Furaha hiyo ilidumu mpaka walipofika katikati ya ghuba. Hapo boti ikalala upande wa kushoto, nyuma, kana kwamba mtu mzito amekaa kwenye ukingo. Usukani ukawa mzito. Injini ilidunda vilevile lakini boti ilikwenda kwa shida, kama inayoburuta kitu.

"Tumenasa wavu," alisema Eilif. Akainama kutazama.

"Usiiname! Eilif, toka hapo!"

Alikuwa amechelewa. Torhild aliona mkono wa mumewe ukivutwa chini hadi kwenye kiwiko, uso wake ukigusa maji, miguu yake ikinyanyuka, naye akauacha usukani akamkumbatia kiunoni na kuvuta, akavuta huku boti ikilala zaidi na maji yakianza kumwagika ndani juu ya ukingo, akivuta na kupiga kelele zisizo maneno, mpaka kitu kikaachia ghafla na wote wawili wakaangukia injini.

Kwenye kifundo cha mkono wa Eilif palikuwa na alama tano za buluu. Baridi yake haikutoka hata walipoufunika kwa blanketi la sufu.

Tangu siku hiyo Eilif akawa anakohoa maji. Yalimtoka kwa vikombe, ya chumvi, yenye punje za mchanga. Daktari wa wilaya alimsikiliza kifua, akasema mapafu yake ni makavu kabisa, akampa dawa ya kikohozi. Siku ya tatu midomo ilimgeuka rangi. Nyumba nzima ilinuka mwani, na kila Torhild alipopita ukumbini aligusa ukuta ukiwa umelowa.

Akampigia simu Mama Elen.

Mama Elen aliishi ng'ambo ya ghuba. Alikuwa msomaji, kama mama yake na bibi yake: mtu anayejua maneno ya kuzuia damu na kutoa vitu visivyotakiwa. Huwa hatoki nyumbani kwake. Husoma kwa simu.

"Jina lake kamili," alisema. "Na siku aliyozaliwa."

Torhild akamtajia. Akasikia mnong'ono usiofahamika, kama maji yanayopita chini ya mawe. Kitandani Eilif akakohoa mara moja, akavuta pumzi ndefu, akalala.

"Oh, Mama Elen! Ahsa..."

"Usinishukuru! Ukinishukuru inavunjika." Bibi alikuwa akihema. "Sikiliza, binti yangu. Nimemzuia, sijamtoa. Watu watakwambia ni jini. Jini huwa na njaa. Huyu hana njaa, ana baridi. Anataka kupandishwa kwenye boti, na anamshika yeyote aliye karibu. Nani alimwacha?"

"Namjua."

"Basi huyo ndiye ampandishe. Mimi namshikilia mpaka kesho jioni tu. Nimezeeka."

Torhild hakuvaa hata koti. Alimkuta Mzee Ingvald jikoni kwake, na kabla hajasema neno aliweka mezani kile kipande cha ukucha.

Mzee alikitazama.

"Boti ilikuwa inapinduka," alisema. "Alishika ukingo, nayo inalala. Maji yanaingia. Nikamwambia achia kidogo niisimamishe. Hakuachia. Alikuwa ananitazama, Torhild. Nikatia gia."

"Ukamburuta."

"Alikwenda mbali sana bila kuachia. Mbali sana." Akajifunika uso. "Kisha nikaziba zile alama, nikapaka rangi. Lakini bandani alikuwa anagonga. Miaka yote. Nikafikiri boti ikienda kwa mwingine, ataniacha."

"Kwa hiyo ukamleta kwangu. Kwa mume wangu."

"Ndiyo."

Torhild alitaka kumpiga. Badala yake alisema, "Kesho saa nne asubuhi. Usipokuja, nitakuja kukubeba."

Mzee alikuja. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe chini ya sweta. Torhild alishika usukani. Asubuhi ilikuwa nzuri, ndege wa baharini wameketi juu ya maji, na mbele ya mwamba mweusi ambao Ingvald aliuonyesha kwa kidole, boti ikalala kushoto kama ilivyolala siku ile. Torhild akazima injini.

Kimya kikashuka. Kisha ule mpapaso ukaanza, chini kwenye ubao, ukipanda.

"Siwezi," alinong'ona Ingvald.

"Unaweza."

Mzee akapiga magoti nyuma. Akaizamisha yote miwili majini hadi mabegani, akasema kwa sauti ya kijana, sauti ambayo Torhild hakuwahi kuisikia kwake, "Arvid. Mdogo wangu. Njoo upande," na maji yakafumuka bila upepo, boti ikalala mpaka ukingo ukanywa bahari, mgongo wa mzee ukapinda kama wa mtu anayevuta nanga, akalia, akavuta, akalia, na kitu ambacho Torhild hakukiona lakini alikisikia kikapita juu ya ukingo na kuangukia sakafuni kwa uzito wa mtu mzima aliyelowa.

Boti ikasimama wima. Kwenye kikalio cha katikati, mkabala naye, mbao zikaanza kulowa zenyewe, na matone yakadondoka kutoka hewani, tap, tap. Baridi ilimpiga usoni. Ingvald akavua sweta lake, akaliweka juu ya kile kikalio. Halikuanguka chini. Lilikaa kama linavyokaa mabegani mwa mtu.

Torhild akawasha injini na kugeuza kuelekea nyumbani, bila kupepesa macho.

Walipofika gatini boti ilinyanyuka ghafla, ikawa nyepesi. Nyayo za maji zikatokea kwenye mbao za gati, za miguu mitupu, moja baada ya nyingine, zikapanda njia ya mawe kuelekea nyumba ya Ingvald. Mzee akazifuata. Akafungua mlango, akasogea kando, akasubiri, ndipo akaingia yeye.

Eilif alikuwa ameketi kitandani, anaomba samaki wa kuchemsha na viazi. Majira yale ya joto Torhild alivua vizuri, na mwezi wa tisa walilipa kuni za msimu wote. Boti haikuwahi kulala tena.

Mwezi wa kumi alipita kwa Ingvald na samaki mmoja mkononi. Hakuwa amemwona tangu siku ile. Mlango ulifunguliwa upana wa kiganja. Mzee alikuwa amekonda, ameufumbata ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili kama mtu anayeuzuia usifunguke zaidi. Ndani hapakuwa na taa wala moto.

"Mzee, hujambo? Yupo bado?"

"Kila siku ananiuliza kwa nini nimezeeka." Akamtazama yule samaki. "Huna mwingine?" alinong'ona. "Nikila peke yangu hukasirika."

Torhild akarudi botini kuchukua samaki wa pili. Akawapitisha wote wawili pale kwenye upenyo. Walipokelewa taratibu, kwa heshima, wakavutwa ndani gizani. Na Torhild aliona vizuri kabisa kwamba mikono ya Ingvald ilikuwa bado imeshika mlango.