Nani Ataniamulia?

“Mzee, tupishe kidogo. Mama lazima aseme peke yake, asije akasema kwa kukuogopa wewe.”

Fundi saa alimtazama wakili aliyesema hayo, kisha akamtazama mkewe. Mkewe aliinamisha uso. Fundi akatoka, akampigia simu binti yao.

“Mama yako amenitoa nje!”

“Baba, tulia. Si mmeenda kuandika hati ya uwakilishi?”

“Ndiyo! Ya nani atamwamulia matibabu akili ikimtoka. Sasa mimi wa kutolewa nje?”

Tangu daktari aseme kwamba mkewe ameanza kusahau, mzee alikuwa halali. Aliogopa kumpoteza, na sasa aliogopa kwamba ameshampoteza.

Mlango ukafunguliwa, akaitwa ndani.

“Nimemchagua wifi,” mkewe alisema kabla mumewe hajakaa.

“Dada yangu? Nimekukosea nini, mama watoto?”

“Hujanikosea. Ila mama yako alipozidiwa, daktari alikuuliza kama wamwache apumzike. Ulifanya nini?”

Mzee akageukia dirisha.

“Ulijifungia msalani, baba watoto. Mama wa watu akateseka wiki nzima, anangoja mwanawe apate ulimi.”

“Niliogopa.”

“Najua. Na mimi naogopa. Sitaki siku hiyo nilale pale nikikungoja wewe.”

Machozi yakamtoka mzee mbele ya wakili, mtu mzima na mvi zake.

“Mwandike dada,” alisema mwishowe. “Ana moyo wa jiwe yule. Lakini mimi nibaki na nini?”

“Ubaki na mimi.”

“Na siku usiponijua? Ukiniuliza mimi ni nani ndani ya nyumba yako?”

Hapo sauti ya mkewe ikayumba.

“Nitongoze upya.”

“Ukinikataa?”

“Ujanani nilikukataa mara ngapi?”

“Tatu. Ya mwisho ulinimwagia maji.”

“Ukakoma?”

“Sikukoma.”

“Basi unauliza nini?”

Mkewe akavuta kalamu. Karatasi ikamteleza mezani. Mzee akasogeza kiti, akaishika karatasi isiteleze, na mkewe akatia sahihi.