Sauti Kwenye Mzambarau Mwitu

Msimu wa zambarau ulikwisha pita miezi mitatu, lakini ulimi wa Mwanvita ulikuwa umekolea rangi ya tunda hilo. Mumewe, Yahya, aliuona walipokuwa wakila mchana. Alipomuuliza, mkewe alisema amekula matunda ya mzambarau mwitu ulio nyuma ya shamba lao, pale Vigwaza. Yahya akaenda kuutazama. Majani yalikuwa mabichi kama siku zote, tunda hata moja hakuna.

Akaanza kumchunguza. Mwanvita alikuwa akikonda. Kila adhuhuri, jua likiwa utosini, aliacha jembe akaenda chini ya mti ule, na harufu ya udi ikafika mpaka shambani ilhali hakuna aliyefukiza. Siku moja Yahya alimfuata kwa kunyata, akamkuta kaketi, kakinga kanga yake, anabembeleza matawi, na huko juu, penye majani mazito yasiyopitisha mwanga, kitu kikamjibu kwa sauti nyembamba ya mtoto mwenye mafua, sauti ambayo Yahya hakuwa ameisikia tangu homa ilipomchukua Ummy, binti yao wa miaka minne, mwaka juzi.

Kesho yake alimleta mganga kutoka Chalinze, Bibi Batuli. Bibi alisema humo mna jini aliyeazima sauti ya marehemu, na Mwanvita akizidi kula mkononi mwake, mwezi hautaisha naye.

"Atakuita, mwanangu," alimnong'oneza Mwanvita. "Ukiitika, sina dawa."

Akafukiza ubani, akasoma, akamwaga maji ya kombe shinani. Mti ukatikisika bila upepo. Sauti ikaanza kulia, kwanza polepole, kisha kwa kwikwi, ikisema inaumia, inaogopa giza, mbona mama haitiki, na Mwanvita kajaza kanga mdomoni, mikono miwili juu yake, machozi yakimchuruzika, mpaka kilio kikadidimia kama mtu azamaye kisimani, kikakatika.

Hakikurudi. Mwanvita akapata nafuu, akanenepa, akarudi kulima. Majirani walimpongeza Yahya.

Jioni moja alimwandalia mumewe chakula, akakaa mbali naye.

"Baba Ummy, ulikuwa na hakika si mwanetu yule?"

Yahya alijibu kwamba Bibi Batuli alikuwa na hakika.

"Nakuuliza wewe."

Yahya akakunja mikono ya shati.

"Mara ya kwanza ilimuua homa," Mwanvita alisema, akamsogezea maji ya kunawa.