Mguu Usiouma

Jumamosi hiyo, kwetu Manyatta, tulikuwa tunapikia wageni wa kanisa githeri, mahindi na maharagwe. Mimi nilikuwa nimefunga kolegi, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe na kupiga domo. Lydiah, bibi ya kaka yangu Gichovi, alikuwa anachochea moto. Alikuwa amevaa sketi ya nailoni.

Weh! Moto ukashika sketi. Nailoni ikayeyuka, ikamganda mguuni. Gichovi akaruka, akauzima kwa mikono yake.

Halafu ikawa ajabu. Gichovi alipiga nduru. Lydiah alikaa tu kwenye kigoda, kimya, anatuangalia. Kutoka goti mpaka chini, mguu ulikuwa mweupe kama mshumaa.

"Lydiah, unasikia uchungu?" nikamuuliza.

"Hapana. Sisikii kitu."

Na akatabasamu. 

Mama akainua mikono juu. "Ni kama Shadraka ndani ya tanuru! Moto umemkataa!"

Wamama wakaanza wimbo wa shukrani. Mmoja akampaka Gichovi majivu mikononi. "Mwanaume mzima unalia, na bibi yako ametulia!"

Jirani yetu Kagure, nesi wa dispensari, alisikia nduru akaja mbio.

"Majivu toeni! Leteni maji safi ya baridi, mwagieni wote wawili dakika ishirini. Nailoni iliyoshika ngozi msibandue."

Baadaye akabonyeza mkono wa Gichovi. Ulikuwa mwekundu, na malengelenge.

"Aaii! Unaniua!"

"Vizuri. Mnaona? Nikibonyeza panakuwa peupe, nikiachilia wekundu unarudi. Damu inapita."

Akamwambia Lydiah aangalie kando. Akabonyeza mguu. Weupe ulibaki vile vile. Ngozi ilikuwa kavu, ngumu kama ngozi ya kiatu.

"Nimekugusa wapi?"

Lydiah akangoja. "Kwani umenigusa?"

Wimbo ukakatika.

"Mama, moto haukumkataa," Kagure akasema polepole. "Umeingia mpaka ndani, ukachoma hata mishipa ya kusikia uchungu. Na umezunguka mguu wote. Mguu ukifura, ngozi hii haivutiki. Itabana damu isifike kwa vidole. Mguu unaweza kufa."

"Lakini halii..."

"Ndiyo maana naogopa. Twende hospitali sasa hivi. Na wewe Gichovi, panda gari la kanisa. Mkono ulioungua si wa kuchezewa."

Tukafunika mguu na leso safi, tukamfunga Lydiah blanketi asishikwe na baridi. Njia nzima alikuwa ananiuliza kwa nini ninalia.

Hospitalini, daktari alipasua ile ngozi ngumu damu ipite. Baadaye wakatoa ngozi ya paja, wakaipandikiza mguuni. Siku hiyo paja lilimuuma Lydiah mpaka wodi nzima ikamsikia.

"Lia, mwanangu, lia!" Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Sasa Lydiah anatembea, na majani chai anachuma kunishinda. Na Mama akiitwa mahali watu wameungua, haulizi nani analia. Anauliza nani amenyamaza.