Ganda la Limau na Mashine ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa na mazoea yake. Akimaliza kichwa kimoja, aliminya ganda la limau na kulipitisha kwenye meno ya mashine.

"Hapo hakibaki kijidudu hata kimoja!" aliwaambia wateja. "Haya, mwingine!"

Kazi ya sekunde tatu, maringo ya siku nzima.

Siku moja mkewe alimvua binti yao, Kidoti, kitambaa cha kichwa. Aliona mabaka mawili yenye magamba. Nywele zilikuwa zimekatika. Yalikuwa mapunye.

"Baba Kidoti, kichwa hiki kanyoa nani?"

Kinyozi mwenyewe ndiye aliyemnyoa, kwa mashine ileile. Moyo ulimuuma sana.

Kwenye zahanati walimpa Kidoti dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

"Baba, nywele zangu zitarudi?" aliuliza Kidoti. Baba yake hakuwa na uhakika.

Kinyozi alikuwa na dada yake mdogo, mtaalamu wa maabara. Dada alichukua nywele zilizonasa kwenye mashine iliyofutwa kwa ganda, akaenda kuzipima. Baada ya wiki mbili alimwita kaka yake, akamwonyesha visahani viwili vyenye vifuniko.

"Hapa nilipanda vimelea vya mapunye. Katikati nikaweka tone la mafuta ya ganda la limau."

Ukungu mweupe ulikuwa umejaa pembeni. Katikati palikuwa na duara safi kabisa. Kinyozi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kifuniko.

"Lo! Tone moja tu?"

"Moja tu. Ganda lina vifuko vidogo vya mafuta. Tunda linajilinda nayo."

"Na sisi tunalitupa jalalani!" Kinyozi alistaajabu, kisha akatabasamu. "Kumbe nilikuwa sahihi!"

"Tulia, kaka. Tazama cha pili. Hizi ni nywele za mashine yako."

Kisahani kizima kilikuwa kimejaa ukungu. Tabasamu likamwisha.

"Kule ni tone zima la mafuta matupu, nalo lilikaa palepale. Kwako mafuta ni kidogo, yanapita tu, na vimelea vinajificha kwenye nywele. Isugue mashine kwa brashi, nywele zote zitoke. Kisha tia dawa ya kuua vijidudu, uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kila kichwa, kaka. Na limau usimpake mtoto, litamchoma."

Tangu hapo wateja walisubiri mashine isafishwe. Walionung'unika walisimuliwa habari za kisahani cha pili, wakanyamaza.

Miezi miwili ikapita. Kinyozi alipitisha kiganja kichwani kwa Kidoti. Kila mahali palikuwa na nywele laini, changa. Alicheka kwa furaha, akachukua mashine iliyo safi.

"Nikupunguze kidogo?"

Kidoti alizifunika kwa mikono yote miwili.

"Hapana, baba. Hizi ziache kwanza nizione."

Baba akaiweka mashine chini, akampa kioo.